Nani Hajaisikia? Njia za Kuzifikia Albamu za Kielektroniki Zisizofahamika

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, muziki wa mitaani wa Dar es Salaam, uitwao Sounds of Sisso, uliotokana na kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, jijini humo. Huko Ulaya ulipokewa kwa mshangao. Watu waliozoea tekno ya Berlin walikuwa hawajakutana na muziki unaokwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, huku mtu akighani juu yake kana kwamba hahitaji kuvuta pumzi. Kwa mkazi wa Mburahati, Manzese au Tandale hapakuwa na cha kushangaza. Mdundo ule alishausikia kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani, kwenye bajaji, kwenye spika ya muuza chipsi.

Naanza na mfano huu kwa sababu kila mjadala kuhusu muziki wa andagraundi hukimbilia sauti: ya ajabu kiasi gani, mpya kiasi gani, ngumu kiasi gani. Sauti siyo inayoificha albamu. Albamu hufichika pale njia inayoibeba isipopita mlangoni kwako. Anayetaka kuzipata albamu za namna hii, na anayetaka kuwapendekezea wengine bila kuwachosha, kazi yake kubwa ni kuijua njia: nani aliitengeneza, nani aliitoa, ilipita mikononi mwa nani, ikakwama wapi.

Kukwama kwenyewe kuna sura nyingi. Charanjit Singh alikuwa mpiga ala katika orkesta za filamu za Bombay. Mwaka 1982 alirekodi raga kumi, mitindo ya muziki wa jadi wa Kihindi, juu ya mdundo wa disko, akitumia mashine za Roland zilizokuwa mpya sokoni wakati huo: TB-303 ya besi, TR-808 ya ngoma na kinanda cha Jupiter-8. Albamu haikupata wanunuzi. Mwaka 2002 mkusanyaji wa Kiholanzi, Edo Bouman, aliiokota Delhi, na mwaka 2010 akaitoa upya kupitia lebo yake ya Bombay Connection. Waliosikiliza walishtuka, kwa sababu mlio uleule wa TB-303 ndio uliokuja kuzaa acid house, mtindo wa muziki wa klabu, mjini Chicago, na rekodi ya kundi la Phuture inayohesabiwa kuwa mwanzo wa mtindo huo ilitoka mwaka 1987. Haimaanishi kwamba Chicago iliiga Bombay. Mashine moja iliangukia mikononi mwa watu waliotengana kwa bahari, kila mmoja akaisikia anavyojua. Lakini kwa miaka 20 na ushee, Singh hakuwamo katika historia ya muziki ambao alikuwa ameupiga mapema.

Wengine walijificha kwa makusudi. Drexciya, watu wawili wa Detroit, walitoa santuri katika miaka ya 1990 bila kuonyesha sura zao. Mahali pa wasifu waliweka hadithi: taifa linaloishi chini ya bahari ya Atlantiki, uzao wa wanawake Waafrika wajawazito waliotupwa majini kutoka kwenye meli za watumwa. James Stinson, mmoja wao, alifariki mwaka 2002. Kwa kazi kama hii, kutojulikana ni sehemu ya muziki. Anayeipendekeza kwa kuanza na picha na majina anaiharibu kabla haijapigwa.

Na siku hizi zipo nyingi zaidi zinazozama kwenye wingi. Mtu mwenye kompyuta ya mitumba na programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio anaweza kumaliza albamu wiki hii na kuipandisha mtandaoni wiki hiyohiyo. Hakuna anayemzuia, na hakuna anayemwona. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Kwa msanii wa muziki wa kelele wa Nairobi au Kigali, mstari huo uko mbali. Fedha iliyopotea hapo ni kidogo. Kinachouma ni kwamba programu zenyewe za kusikilizia muziki zilishakwambia ni wimbo upi unaohesabika na upi hauhesabiki.

Kuhusu programu hizo pana ukungu mwingi, na watu huziogopa au kuziamini kupita kiasi. Njia yao kuu ya kupendekeza ni kulinganisha wasikilizaji. Waliosikiliza A walisikiliza pia B, basi wewe uliyesikiliza A unaletewa B. Ni sawa na mwenye duka anayejua kuwa wanunuzi wa unga huondoka pia na maharage: bidhaa ambayo haijawahi kuguswa na mteja hana la kusema juu yake. Albamu yenye wasikilizaji 30 haina jirani. Mashine haina chuki nayo, haina tu taarifa za kuitosha.

Njia ya pili ni kuichambua sauti yenyewe: kasi, nguvu, aina ya ala. Hapa muziki wetu unapata tabu ya kipekee. Programu za kupima kasi zina kosa linalojulikana sana na watafiti, la kusoma nusu au maradufu ya kasi halisi. Singeli ya mapigo 240 inaweza kusomwa kuwa 120, na kwa hesabu hiyo ikaonekana ni muziki wa mwendo wa wastani wa klabu, karibu na amapiano ambayo hutembea kwenye 110 hadi 115 hivi. Yeyote aliyecheza zote mbili anajua kwa miguu yake kwamba hapo hakuna ujirani.

Hata hivyo mashine imewahi kufanya jema. Mpiga ngoma wa Japani, Midori Takada, alitoa albamu yake Through the Looking Glass mwaka 1983, ikapita kimya. Miongo mitatu baadaye video ya albamu hiyo, iliyopandishwa YouTube na mtu mwingine, ilianza kupendekezwa kwa watu wengi mno baada ya video nyingine kumalizika. Mwaka 2017 ikachapishwa upya. Kwa nini yeye? Maoni yangu ni kwamba muziki ule ni mpole, mtu anaweza kuuacha ukilia saa nzima akiwa anafanya kazi, na mashine huhesabu muda ambao hukuzima. Albamu inayokukamata shingo dakika ya kwanza haina bahati hiyo. Ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya mayowe ya metali na mashine za ngoma katika albamu yao ya mwaka 2020, haiwezi kuachwa ikilia wakati unapika. Ama unaisikiliza, ama unaizima. Albamu za jinsi hiyo zinamhitaji mtu wa kuzibeba.

Turudi Mburahati, kwa sababu pale kila kitu kinaonekana kwa karibu.

Singeli ilikua kwenye sherehe za mtaani. DJ alichukua kipande cha ala cha taarabu, akakirudia-rudia, akakiongeza kasi, na MC akashika maiki. Nyuma yake upo mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na vipaza sauti vya kuungaunga, uliovuma uswahilini miaka ya 1990. Maprodyuza wa singeli walirithi roho ileile ya kutumia kilichopo. Kompyuta moja, FL Studio, Virtual DJ. Jukwaani wapo wanaotumia kibodi ya laptop kama ala, vidole vikikata na kurudia sauti papo hapo, na ukiwatazama unaelewa kwamba ile kasi siyo kitufe kilichobonyezwa mara moja kikaachwa.

Wimbo unatoka studio ukiwa faili la MP3. Unaingia WhatsApp, unafika kwa DJ wa kigodoro, unanakiliwa kwenye flashi, unaishia kwenye memori kadi ya dereva wa bajaji. Njiani jina la faili linaharibika. Lilikuwa na jina la MC, la prodyuza na la wimbo. Tovuti ya kupakua inaongeza neno AUDIO mbele na jina la tovuti nyuma, na kulikata la prodyuza ili mengine yatoshe. Mtu wa tatu anaandika "singeli kali". Wa nne anapokea "AUD" na msururu mrefu wa tarakimu, kwa sababu WhatsApp nayo imeshalibadilisha. Huyo wa nne akikuuliza ni wimbo wa nani, huna pa kushika, isipokuwa masikio: sekunde za mwanzo, ambapo prodyuza huweka saini yake ya sauti, jina la studio likipigiwa kelele au mwangwi. Usizirushe sekunde hizo. Mara nyingi ndizo ushahidi pekee uliobaki wa nani aliitengeneza kazi ile.

Katika mzunguko huu albamu haina kazi. Kigodoro hakihitaji nyimbo saba zilizopangwa kwa mfuatano na picha ya jalada, kinahitaji wimbo wa wiki hii. Kwa hiyo Arlen Dilsizian na Derek Debru, Wazungu waliokuwa wakiishi Kampala na walioanzisha tamasha la Nyege Nyege mjini Jinja mwaka 2015, walipoigeukia singeli, hawakukuta albamu zilizofichika. Walikuta rundo la mafaili, wakachagua, na lebo yao ikaanza kuunda albamu. Baada ya mkusanyiko wa 2017 ikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha mwaka 2019 zikaja Mateso ya Sisso, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Mr Mixondo ya DJ Travella ilitoka 2022, na Singeli ya Maajabu ya Sisso na Maiko 2024.

Nina maoni mawili yanayovutana kuhusu jambo hili, na yote nayashikilia. La kwanza ni kwamba kazi ile ilikuwa na faida kubwa. Leo ukitaka kujua prodyuza fulani alikuwa anapiga nini mwaka 2018, kuna mahali pa kwenda, pana jina lake, pana mwaka. Ukilinganisha na mchiriku, ambao rekodi zake nyingi zilibaki kwenye kaseti zilizoliwa na joto na vumbi, tofauti ni ya kusikitisha.

La pili ni kwamba uchaguzi una masikio ya mchaguaji. Albamu zile zimeegemea sana kwenye kasi na kwenye biti zisizo na maneno, kwa sababu kasi ndiyo iliyowashtua wasikilizaji wasiojua Kiswahili. Mtaani, singeli ni maneno. MC anasema kuhusu kodi ya chumba, rafiki mnafiki, mapenzi ya mkopo, mama mwenye nyumba, na watu wanacheka na kujibu huku wanacheza. Mtu aliyeijua singeli kupitia albamu za nje peke yake ameijua nusu. Na hapa ndipo sisi tunaoelewa lugha tuna jambo la kutoa ambalo hakuna duka la santuri la Berlin wala London linaloweza kulitoa: tunaweza kumwambia msikilizaji nini kinasemwa, kwa nani, na kwa nini umati umepiga kelele pale.

Singeli haiko peke yake katika hali hii. Kaskazini mwa Uganda, Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng waliuhamishia kwenye kompyuta muziki wa harusi wa Kiacholi, larakaraka, ambao kwa kawaida unahitaji kikundi kizima cha wapigaji na wachezaji. Familia nyingi baada ya miaka ya vita hazikuwa na uwezo wa kulipa kikundi. Kompyuta moja na mwimbaji viliwatosha. Nyimbo hizo zilikuwa zikipigwa kwenye harusi za Gulu miaka mingi kabla ya kukusanywa mwaka 2017 kwa jina la Gulu City Anthems. Aliyeziita za siri hakuwa amealikwa harusini.

Basi mtu wa kawaida anazitafutaje? Mimi siamini katika kuzurura tu mtandaoni usiku kucha na kutegemea bahati. Naamini katika kufuata majina. Chukua albamu moja unayoipenda, soma kila jina lililoandikwa juu yake, na ufuate moja.

Tuseme umeanza na Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam, na albamu yao Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Jina la lebo ni Crammed Discs, ya Brussels. Fungua orodha ya kazi za lebo hiyo na utalikuta kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, ambalo albamu yake Congotronics ya mwaka 2004 ilipigwa kwa likembe, ala za kupigwa kwa vidole gumba, zilizotiwa umeme na vipaza sauti vya kujiundia. Endelea mbele na utaikuta Kaloli ya mwaka 2020, ya Nihiloxica, ambapo wapiga ngoma wa Kampala wanakutana na vinanda vya Waingereza wawili. Ukitafuta Nihiloxica walitokea wapi, kazi yao ya kwanza ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, na umerudi kwenye singeli ukiwa umepita Kinshasa na Brussels. Majina manne, na hakuna mashine iliyokusaidia.

Njia nyingine: KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu, Joseph Kamaru, na anayeitwa kwa jina la babu yake. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego, lebo iliyoongozwa na Peter Rehberg mpaka alipofariki mwaka 2021. Mtu wa Nairobi akiifuata lebo hiyo anatua Vienna, katika historia ya muziki wa kompyuta uliopasuka na kukwaruza tangu miaka ya 1990, na ataelewa kwa nini Peel ilipata makao pale. Akimfuata KMRU mwenyewe upande wa pili, atakuta amekuwa akizirudisha hadharani rekodi za babu yake kupitia Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Albamu moja, milango miwili, na hiyo miwili haifanani hata kidogo.

Vifaa vya kufuatia majina vipo na havina gharama. Discogs ilianzishwa mwaka 2000 ikiwa kanzidata ya muziki wa kielektroniki tu kabla ya kupanuka, na mpaka leo sehemu yake ya kielektroniki ndiyo iliyojaa kuliko watu wanavyodhani. Kila toleo lina ukurasa unaoonyesha lebo, namba ya toleo, fundi aliyesawazisha sauti, na watu wangapi wanalo na wangapi wanalitaka. Usimpuuze fundi wa sauti. Fundi kama Rashad Becker wa Berlin amepitishiwa mikononi rekodi nyingi sana za majaribio, na yeye mwenyewe ni msanii. Kulifuata jina lake ni kufuata sikio lililoaminiwa na watu wengi wagumu kuridhika.

Jambo moja kuhusu namba za Discogs: santuri inayotafutwa na watu 900 na kumilikiwa na 60 huuzwa ghali. Bei hiyo inakueleza uhaba, haikuelezi uzuri. Nimesikia santuri za bei ya pikipiki ambazo zingekuwa za bure nisingezirudia.

Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, ina kitu kidogo ambacho nakithamini kuliko mapendekezo yote ya mashine. Chini ya picha ya albamu kuna vijipicha vya watu walioinunua. Bonyeza kimoja na utaona mkusanyiko wake wote. Mtu aliyetoa fedha yake kwa albamu ileile uliyoipenda, na ambaye mkusanyiko wake umejaa majina usiyoyajua, amekupa orodha ya miezi mitatu bila kukujua. Tazama asiyenunua kila kitu. Mwenye albamu 40 alizichagua, mwenye 6,000 ni hazina ya aina nyingine, inayohitaji subira.

Zipo pia redio za mtandaoni. NTS ya London, iliyoanza mwaka 2011, huhifadhi vipindi vyake, na vingi vina orodha ya nyimbo zilizopigwa. Na maduka ya santuri bado ni walimu. Hard Wax ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1989, inajulikana kwa maelezo ya mstari mmoja tu kwa kila santuri. Ukiyasoma kwa muda unajifunza kwamba maneno machache yaliyopimwa yanamsaidia mnunuzi kuliko aya tatu za sifa.

Jambo hilo linatuingiza kwenye upande wa pili, ambao watu wengi wenye mikusanyiko mizuri huuharibu: kupendekeza.

Pendekezo baya linajulikana. "Sikiliza hii, ni kali sana, hutajuta", na kiungo cha albamu ya saa nzima. Aliyepokea hajui aanze wapi, hajui ategemee nini, anafungua kwa spika ya simu akiwa kwenye daladala, anafunga baada ya sekunde 20. Kosa si la muziki wala lake.

Mimi hutaka pendekezo linijibu mambo ambayo rafiki angeuliza tukiwa tumekaa. Nianze na wimbo upi? Nisikilize wapi na kwa kifaa gani? Kinafanana na nini ninachokijua tayari, na kinaachana nacho wapi? Nani aliitengeneza? Naipata wapi kwa njia ambayo huyo mtu atalipwa? Halafu, kwa wenye ujasiri: nini ndani yake hakikukupendeza? Anayekiri kwamba nusu ya pili ya albamu inachosha ndiye nitakayemwamini akisema wimbo wa tatu haupaswi kunipita.

Swali la kifaa linapuuzwa sana. Spika ya simu hairudishi besi ya chini kabisa, kwa hiyo nyimbo za Slikback wa Nairobi, ambazo uzito wake wote uko chini, zinafika kwa msikilizaji zikiwa mifupa mitupu. Singeli, kwa upande wake, imejengwa kwa sauti za juu zinazopenya, inastahimili hata spika iliyopasuka, na ni moja ya sababu ilienea ilivyoenea. Peel ya KMRU inataka visikilizio vya masikioni na chumba kisicho na feni, kwani mambo mengi ndani yake yanatokea katika sauti ndogo inayobadilika taratibu kwa dakika nyingi.

Na pendekezo hubadilika kulingana na anayepokea. Kwa shangazi aliyekulia kwenye mchiriku na taarabu, siianzi singeli kwa biti tupu. Nampa Uingizaji Hewa, kwa sababu ma-MC MCZO na Don Tach wanasikika, na namwambia asikilize maneno kwanza, mwendo atauzoea baadaye. Kwa kijana anayecheza amapiano kila wikiendi, namwambia ukweli kuwa hakuna nafasi ya kupumua humu, na kwamba asihesabu kila pigo, bali atafute lile linalorudi polepole chini ya kelele, mwili wake ushike hapo. Kwa rafiki wa Ulaya asiyejua lugha, Poaa inafaa, sauti fupi za kinanda zinazorudi na kurudi mpaka zinaanza kuonekana kama ngoma, lakini nitamwandikia pia maana ya mistari kadhaa ya Makaveli au Dogo Niga kutoka kwenye Sounds of Sisso ili ajue kuna mlango mwingine.

Kuna tabia moja ambayo naiomba iachwe kabisa, ya kusema "nimeigundua". Otim Alpha alikuwa akiimba harusini. Sisso alikuwa na foleni ya vijana mlangoni. Andika jina la studio, la mtaa, la prodyuza, la MC, kwa herufi wanazozitumia wenyewe. Ukibandika wimbo kwenye stori bila majina umekuwa mkono mwingine ulioharibu jina la faili.

Kuhusu malipo, maana pendekezo lisilofika hapo limeishia njiani: Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, inayobaki ikienda kwa msanii au lebo baada ya gharama za muamala. Tangu Machi 2020 ina Ijumaa maalumu ambazo huacha fungu lake lote. Kampuni imeuzwa mara mbili tangu hapo, kwa Epic Games mwaka 2022 na kwa Songtradr mwaka 2023, kwa hiyo ukinunua, pakua faili na ulihifadhi kwako. Malipo ni kwa kadi ya benki au PayPal. Walioko Kenya wanaweza kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, huduma iliyozinduliwa mwaka 2022. Kabla ya kulipa, angalia kama ukurasa ni wa lebo au wa msanii mwenyewe, kwa kuwa wengi wana vyote viwili na fedha hazigawanywi sawa. Slikback, kwa mfano, ametoa mwenyewe, bila lebo, kazi nyingi sana hapo, na nyingi kati yake mnunuzi hujipangia bei.